Taa ya Breki ya Dharura: Tuisome Kabla ya Kuizima

Dereva aliyezoea kusafiri usiku katika barabara kuu za Afrika Mashariki aijua vema maana ya matawi mabichi yaliyotandazwa juu ya lami. Hayana maandishi, wala hakuna aliyesimama kando kuyaeleza. Hata hivyo yanasema waziwazi: mbele pana gari lililoharibika, punguza mwendo. Nguvu ya ishara hiyo haimo katika majani, bali imo katika maafikiano ya watu waitumiao barabara. Mgeni asiyeyajua maafikiano hayo atayakanyaga matawi na kupita, na huenda baada ya mita mia moja akalivaa lori lililolala gizani.

Siku hizi, katika dashibodi za magari mengi yanayoteremshwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa, ipo ishara nyingine ambayo maafikiano yake hayajawafikia watu wengi. Ni taa ndogo yenye rangi ya kaharabu, aghalabu yenye picha ya gari na alama ya kishindo mbele yake. Ndiyo taa ya tahadhari ya breki ya dharura inayojifunga yenyewe. Wako madereva ambao ikiwaka hushtuka na kudhani kwamba gari halina breki tena. Wako wengine ambao huidharau mpaka wakaizoea kama walivyozoea mikwaruzo ya mlangoni. Na wako mafundi ambao, wakiombwa waishughulikie, hukimbilia kuizima badala ya kuuliza kwa nini imewaka.

Maoni yangu katika makala haya ni kwamba taa hiyo si ugonjwa, ni ushahidi. Kuizima bila kuisoma ni kumnyamazisha shahidi. Na mahali panapofaa zaidi kufundisha namna ya kuisoma ni katika darasa la fizikia la shule ya sekondari, kwa kuwa karibu kila jambo linalohitajika kuielewa limo tayari katika masomo ya mwendo, mawimbi na nuru.

Chombo chenyewe na kazi yake

Breki ya dharura tunayoizungumzia isichanganywe na breki ya mkono. Hii ni mtambo uliokusudiwa kumsaidia dereva aliyechelewa. Una sehemu tatu: macho, akili na mkono.

Macho yake ni ya aina tatu. Ya kwanza ni rada, ambayo kwa kawaida hufichwa nyuma ya nembo au bampa la mbele. Ya pili ni kamera, ambayo hubandikwa ndani ya kioo cha mbele, karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Ya tatu ni mwali wa leza, uliotumika katika baadhi ya magari ya awali na magari madogo. Gari moja laweza kuwa na jicho moja au mawili. Kampuni ya Volvo ilipoanza kuuza gari lenye mtambo huu kwa matumizi ya mjini mwaka 2008, ilitumia leza, na mtambo ulifanya kazi katika mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa. Mwaka huo huo kampuni ya Subaru ilitoa nchini Japani mtambo wa kamera mbili zilizowekwa ubavu kwa ubavu, mfano wa macho mawili ya mwanadamu.

Akili yake ni kompyuta ndogo inayopokea habari kutoka kwa macho hayo na kuuliza swali moja mara nyingi katika kila sekunde: kwa mwendo huu, tutagongana baada ya muda gani? Jibu hupatikana kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha kwanza aiweza, yaani umbali kugawanywa kwa mwendo wa kukaribiana. Kilichoko mbele kikiwa umbali wa mita 40, nasi tukikikaribia kwa mita 20 kwa sekunde, zimesalia sekunde 2.

Mkono wake ni pampu na vali zile zile za breki zisizofunga magurudumu, ambazo taa yake huandikwa herufi ABS, pamoja na mtambo unaolizuia gari lisiteleze upande. Jambo hili ni la kukumbukwa. Breki ya dharura haina breki zake peke yake. Inaazima mkono wa mtambo mwingine. Ndiyo maana kitambuzi cha mwendo wa gurudumu kikiharibika, taa mbili au tatu huweza kuwaka kwa pamoja, na dereva akadhani gari zima limekufa, kumbe hitilafu ni moja.

Mtambo ukiona kwamba muda uliosalia ni mfupi, kwanza humwonya dereva kwa mlio na kwa taa nyekundu inayomweka. Asipofanya lolote, na mgongano ukawa hauepukiki, hufunga breki wenyewe.

Hesabu ya uhai

Kuna watu wasemao kwamba haya ni mapambo ya matajiri. Na tufanye hesabu.

Gari linakwenda kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde. Mbele yake limesimama lori, na dereva ameinamia simu. Tuseme mtambo umefunga breki zikiwa zimebaki mita 24, juu ya lami kavu, na mwendo unapungua kwa mita 7 kwa sekunde katika kila sekunde. Mraba wa mwendo wa mwanzo ni 400. Tukitoa mara mbili ya 7 mara 24, ambayo ni 336, inabaki 64. Kipeuo cha pili cha 64 ni 8. Basi gari litaligonga lori kwa mita 8 kwa sekunde, yaani kama kilomita 29 kwa saa, badala ya kilomita 72.

Mtu aweza kusema kwamba bado limegonga. Ni kweli. Lakini nishati ya mwendo hufuata mraba wa mwendo, si mwendo wenyewe. Iliyobaki ni 64 katika 400, yaani sehemu 16 katika kila 100. Sehemu 84 zimekwisha kugeuka joto katika breki na magurudumu kabla chuma hakijagusa chuma. Tofauti kati ya 100 na 16 ni tofauti kati ya jeneza na bandeji.

Hesabu za darasani huthibitishwa na takwimu za barabarani. Nchini Marekani, Taasisi ya Bima kwa Usalama wa Barabara Kuu ililinganisha magari yenye mtambo huu na yasiyokuwa nao, ikaona kwamba ajali za gari kugonga gari jingine kwa nyuma zilipungua kwa nusu. Katika uchunguzi mwingine wa taasisi hiyo uliotolewa mwaka 2022, ajali za kugonga waenda kwa miguu zilipungua kwa asilimia 27. Lakini uchunguzi huo ulionesha jambo ambalo sisi hapana budi tulizingatie: mahali penye giza pasipokuwa na taa za barabarani, haukuonekana msaada wowote kwa mwenda kwa miguu. Barabara zetu nyingi ni za namna hiyo. Kwa hiyo nayasema mambo mawili kwa pamoja: chombo hiki chaokoa, nacho kina mipaka. Taa ya kaharabu ndiyo njia yake ya kutueleza kwamba mpaka umefikiwa.

Taa yasema nini?

Katika magari rangi zina daraja. Kijani husema kitu kinafanya kazi. Kaharabu au manjano husema angalia, kuna jambo la kushughulikiwa. Nyekundu husema hatari, chukua hatua sasa. Kanuni namba 152 ya Umoja wa Mataifa, iliyoanza kutumika Januari 2020, inataka hitilafu ya mtambo wa breki ya dharura ioneshwe kwa taa ya manjano isiyomwekamweka. Japani imefanya mtambo huu kuwa wa lazima kwa aina mpya za magari ya abiria yanayoundwa nchini humo tangu Novemba 2021, na katika nchi za Umoja wa Ulaya kila gari jipya lazima liwe nao tangu Julai 2024.

Kwa hiyo dereva na ajifunze kutofautisha taa tatu. Ya kwanza ni taa nyekundu ya breki za kawaida. Ikiwaka ilhali breki ya mkono imeachiwa, huenda mafuta ya breki yamepungua au kuna hitilafu kubwa. Gari na lisimamishwe. Ya pili ni taa nyekundu inayomweka ghafla pamoja na mlio, gari likiwa mwendoni. Hiyo ni onyo la mgongano, na jibu lake ni kukanyaga breki, si kuanza kuitafakari. Ya tatu ni ile ya kaharabu tunayoizungumzia. Ikiwaka peke yake, maana yake ni kwamba msaidizi hayupo kazini. Breki za mguu zipo kama kawaida, na gari laweza kuendeshwa, lakini dereva ajue kwamba yuko peke yake.

Ndani ya taa hiyo ya tatu mna habari za aina tatu pia. Huenda mtu ameuzima mtambo kwa swichi, na katika magari mengi neno OFF huonekana. Huenda macho yamezibwa kwa muda tu, na yakisafishwa taa itazimika yenyewe. Au huenda pana hitilafu ya kweli inayohitaji fundi. Magari hutofautiana katika kuzionesha habari hizi, na mwenye neno la mwisho ni kitabu cha maelezo cha gari lenyewe. Hapo ndipo msiba wetu ulipo. Magari mengi tunayoyanunua yalitengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani. Sisi Watanzania na Wakenya twaendesha upande wa kushoto kama Wajapani, kwa hiyo magari hayo yatufaa. Lakini vitabu vyake, maandishi ya kioo cha dashibodi, na hata sauti inayozungumza ndani yake, vyote ni vya Kijapani. Tumenunua chombo kinachosema, tukawa hatuijui lugha yake.

Kwa nini macho hupofuka?

Rada za magari ya siku hizi aghalabu hutumia mawimbi yenye mitetemo bilioni 77 kwa sekunde. Gawanya mwendo wa nuru kwa idadi hiyo, utapata urefu wa wimbi wa karibu milimita 3.9, sawasawa na upana wa punje ya mtama. Wimbi fupi namna hiyo humezwa kwa urahisi na maji. Tope bichi la masika likiganda juu ya nembo ya mbele ni sawa na kitambaa kilichofungwa machoni. Bampa la chuma lililoongezwa mbele ya gari kwa ajili ya kujikinga na ng'ombe laweza kuurudisha mwangwi wa rada kabla haujafika mbali. Hata rangi yenye chembe za madini iliyopakwa bila kipimo mahali rada inapopitishia mawimbi yaweza kuidhoofisha.

Kamera nayo ina adui zake. Vumbi juu ya kioo, ufa uliopita mbele yake, jua la asubuhi au la jioni linalopiga usoni, na joto. Gari lililoachwa juani mchana kutwa hupata joto kali nyuma ya kioo cha mbele, na kamera nyingi hujizima kwa muda ili zisiharibike. Dereva akirudi, akakuta taa inawaka, kisha ikazimika baada ya gari kupoa, asidhani amerogwa. Chombo kilisema kweli mara zote mbili.

Lakini sababu iliyo kubwa zaidi, tena isiyosemwa, ni kubadilishwa kwa kioo cha mbele. Kioo kikivunjwa na jiwe, hutiwa kingine, na kamera hubandikwa tena kwa jicho la fundi. Tuseme imepinda kwa nyuzi 1 tu. Kwa mkono huwezi kuihisi nyuzi 1. Lakini kwa umbali wa mita 60, nyuzi 1 ni mita 1 na zaidi kidogo. Kamera itamwona mwendesha baiskeli aliye pembeni kana kwamba yumo ndani ya njia yetu, au itamwona aliyemo njiani kana kwamba yuko pembeni. Kosa la kwanza hufunga breki bila sababu, na la pili haliifungi palipo na sababu. Vivyo hivyo gari likinyanyuliwa ili lipite katika barabara mbovu, rada na kamera huangalia mahali pasipokusudiwa.

Katika nchi ya ng'ambo nilikosomea shahada yangu ya udaktari, haikuwa ajabu kuona karakana ya vioo yenye sakafu iliyosawazishwa na ubao wa michoro uliosimamishwa mbele ya gari kwa kipimo, ili kamera ifundishwe upya mahali ilipo katikati. Japani yenyewe, tangu Aprili 2020, sheria yake huhesabu kazi ya kurekebisha vitambuzi hivi, na hata kubandua kioo au bampa vilikofungwa, kuwa ni kazi ya karakana zilizoidhinishwa. Watengenezaji wenyewe hawakuiona kazi hii kuwa nyepesi. Kwa nini sisi tuione nyepesi?

Pingamizi na majibu yake

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza yasema kwamba tuliendesha magari miaka mingi bila mtambo huu, na tunaweza kuendelea. Hilo ni kweli, nami sisemi kwamba gari lisilokuwa nao halifai. Dereva makini ndiye breki ya kwanza. Lakini gari lisilokuwa na mtambo halimdanganyi mtu. Gari lenye mtambo uliokufa na taa iliyozibwa humdanganya kila atakayelipanda baadaye. Mnunuzi wa pili ataona kamera kiooni, atasikia sifa za muuzaji, atategemea msaada usiokuwapo. Mficha maradhi, kilio humfichua. Na hapa anayelia si yule aliyeyaficha.

Pingamizi ya pili ni ya gharama. Fundi wa mtaani hana ubao wa michoro wala kompyuta ya kulisoma gari, na mwenye gari hana fedha za kumtafuta aliye navyo. Pingamizi hii ina uzito, na haifai kujibiwa kwa dharau. Jibu langu ni hili: asiyeweza kutengeneza aiache taa iwake. Taa inayowaka haili mafuta wala haipunguzi mwendo. Gharama yake ni aibu ndogo tu mbele ya abiria. Manufaa yake ni kwamba dereva wa leo, na wa kesho, atajua hali ilivyo. Tena si kila taa huhitaji fundi. Nyingi huhitaji kitambaa safi na maji.

Pingamizi ya tatu yasema kwamba katika misongamano yetu, penye bodaboda wanaopenya kila upande, mtambo hulia na kushika breki mno, kwa hiyo ni heri uzimwe. Hapo pana ukweli pia, kwa sababu mtambo ulilelewa katika barabara za namna nyingine. Kuuzima kwa swichi iliyowekwa na mtengenezaji ni haki ya dereva, na taa itabaki ikimkumbusha. Kukata waya ni jambo jingine kabisa. Swichi inasema kweli kwa taa, na waya uliokatwa unasema uongo kwa ukimya.

Nitoe hapa kipimo kimoja kinachomfaa kila anayenunua gari lililotumika. Ufunguo unapowashwa kabla injini haijanguruma, katika magari mengi taa za tahadhari huwaka pamoja kwa sekunde chache, kisha huzimika. Ni kama mwalimu anayeita majina asubuhi, na kila mwanafunzi huitika. Taa ambayo kitabu cha gari chasema iwake, nayo haiitiki, ni ya kutiliwa shaka kuliko ile inayowaka mchana kutwa. Huenda imechomolewa, huenda imebandikwa utepe mweusi. Muulize muuzaji.

Kazi ya shule

Sasa nawageukia walimu wenzangu. Mara nyingi twalalamika kwamba wanafunzi huiona fizikia kuwa ni hesabu za vitu visivyokuwapo: gari lisilo na jina linalotoka mji A kwenda mji B. Ilhali nje ya dirisha la darasa limeegeshwa gari lenye rada. Na tulitumie.

Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kupima kwa hatua umbali wa kusimama kwa mwendo mbalimbali, na kuuchora uwanjani kwa chokaa. Kwa mita 7 kwa sekunde katika kila sekunde, gari lenye kilomita 50 kwa saa huhitaji karibu mita 14 baada ya breki kushika, na lenye kilomita 100 huhitaji karibu 55. Mwendo umekuwa mara mbili, umbali umekuwa mara nne. Mtoto akiutembea umbali huo kwa miguu yake hatausahau anapovuka barabara.

Katika somo la nuru, kila mwanafunzi na ashike penseli mbili, moja kwa kila mkono, afumbe jicho moja, kisha ajaribu kuzigusanisha ncha zake kutoka ubavuni. Akikosea mara mbili tatu, afumbue jicho la pili. Hapo atakuwa ameelewa kwa nini mtambo wa kamera mbili hupimia umbali kwa tofauti ya picha zake, na kwa nini unyoofu wa kamera hizo ni jambo la kufa na kupona.

Katika somo la mawimbi, wa kidato cha tano na sita wakokotoe wenyewe. Mwangwi wa rada kutoka kitu kilicho mita 60 hurudi baada ya sehemu 4 katika milioni 10 za sekunde. Na kitu kinachokaribiwa kwa mita 20 kwa sekunde huyabadili mawimbi ya mitetemo bilioni 77 kwa kiasi cha mitetemo 10,300 hivi kwa sekunde. Badiliko hilo ndilo alilolieleza Christian Doppler mwaka 1842, akifikiria nuru ya nyota. Hakuwahi kuliona gari, lakini hesabu yake leo ndiyo inayomwambia dereva kwamba lori la mbele linasogea au limesimama.

Na somo la Kiswahili lisiachwe nje. Ninapendekeza kwamba kila shule ichague gari moja linalopatikana jirani, liwe la mwalimu, la mzazi au la ofisi ya kata, na wanafunzi waandike kwa Kiswahili kilicho sahihi ukurasa mmoja wa taa zake zote: picha ya taa, rangi yake, maana yake, na hatua ya dereva. Ukurasa huo ubandikwe katika gereji ya karibu na stendi ya mabasi. Kazi hiyo haihitaji maabara wala fedha za kigeni. Yahitaji uangalifu, kamusi, na mwalimu atakayekagua kila neno kabla halijatoka nje ya lango la shule, kwa kuwa ishara iliyoelezwa vibaya ni mbaya kuliko isiyoelezwa.

Kwa wenye mamlaka naomba mambo mawili. La kwanza, anayeliingiza gari sokoni atakiwe kumpa mnunuzi maelezo ya taa za tahadhari kwa Kiswahili. La pili, vyuo vya ufundi viingize katika mafunzo yao urekebishaji wa kamera na rada, hasa kwa mafundi wa vioo na wanyoosha mabodi, maana hao ndio wanaoyagusa macho ya gari bila kuambiwa kwamba ni macho. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Kwa hiyo magari yanayoteremshwa Mombasa yanatoka katika miaka ambayo mitambo hii ilikuwa imekwisha kuenea Japani. Wingi wake utazidi kila mwaka. Hatuna hiari ya kuikataa elimu hii. Tulicho nacho ni hiari ya kuipata mapema au kuipata kwa matanga.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani ulimwenguni, na zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki. Hao hawana dashibodi wala taa ya kuwaonya. Usalama wao umo mikononi mwa mtu aliyeketi nyuma ya usukani, na katika uaminifu wa chombo alichokalia. Sayansi imekipa chombo uwezo wa kuungama kwamba hakioni. Ni wanadamu wachache walio na adabu hiyo. Na tumfundishe kijana wetu kwamba aonapo ungamo hilo likiwaka mbele yake, aondoe mguu kwenye mafuta, aongeze nafasi kati yake na gari la mbele, akifika asafishe kioo na nembo, na taa ikikataa kuzimika, aulize sababu kabla ya kuuliza bei ya kuizima.